Sufuria Iliyopanda Leuser

Kwetu Gayo, milimani Aceh, mwanamume anaweza kuolewa. Msicheke kwanza. Mtu mwenye binti na mashamba, lakini hana mtoto wa kiume wa kumlimia, anatafuta kijana wa watu, anamwozesha binti yake, na kijana anahamia kwa wakwe na mkeka wake kwapani. Ndoa ya namna hiyo tunaiita angkap, na aliyeingia humo hatoki mpaka baba mkwe atamke kwamba amemwachilia. Mimi niliingia nikiwa na nywele nyeusi na meno yote. Nikalima mpunga wa mkwe wangu, nikachunga nyati wake, nikaanika tumbaku yake. Mke wangu akazaa binti, tukamwita Seruni, na bado tulikuwa tunalala chumba cha nyuma, ubao mmoja tu kati yetu na kikohozi cha mzee.

Na nyumba yangu ilikuwepo. Nilikuwa nimeshaijenga ng'ambo ya mto, nguzo za msonobari, paa la bati jipya. Ilisimama tupu. Popo walihamia kabla yangu, na jioni nilikuwa nawaona wakitoka kwenda zao bila kumwomba mtu ruhusa.

Mtasema, si umwombe tu mzee. Hapo ndipo penye kazi. Kwetu mtu haongei na baba mkwe wake. Si ugomvi, ni haya. Humtazami usoni, hukai naye mkeka mmoja, jina lake hulitaji. Hata hapa sitaliandika, na yeye amezikwa siku nyingi. Ukiwa na neno lake, unamwambia mtu wa tatu, mzee akiwa papo hapo anasikia kila kitu, kisha huyo wa tatu anamwambia mzee, na mzee anashtuka kama habari mpya. Kama mtu wa tatu hayupo, unaiambia nguzo, au mbwa, au chochote kilicho karibu. Naye vivyo hivyo. Mambo yetu yote yalipitia kwa mke wangu, na kila alipofikisha ombi la nyumba, jibu lilikuwa lile lile: mwambie mumeo mvua ipite kwanza. Sasa kule Gayo Lues mvua haipiti. Inapumzika kidogo, basi.

Mkwe wangu alikuwa pawang, yaani mtu anayeuombea msitu ruhusa kabla watu hawajaingia. Alikuwa amewapeleka wageni wengi mlima Leuser, lakini kila safari kitu kilimrudisha njiani: mgeni kaumwa, mchele umekwisha, mawingu yamekataa. Kilele chenyewe alikuwa hajakikanyaga. Wanaofika pale juu wanaiona bahari, upande wa Aceh Kusini, na yeye bahari alikuwa hajaiona kutoka popote. Watu wa kahawani walikuwa wakimtania kwamba yeye ni pawang wa nusu mlima. Halafu mimi, niliyeolewa kwake, kiangazi kilichopita nilikuwa nimepanda na watu wa idara ya misitu, nikafika, nikaiona bahari, nikarudi nikaisimulia. Labda niliisimulia mara nyingi kuliko inavyofaa.

Basi akaja mgeni kutoka Medan, daktari wa meno aitwaye Pulungan, anataka kiongozi wa kumpeleka Leuser, akanichagua mimi niliyewahi kufika. Usiku huo mke wangu akaja chumbani na uso wa mtu aliyebeba yai. Baba yake kasema anakuja na sisi. Na kasema hivi: siku atakapoiona bahari kutoka juu ya Leuser, siku hiyo tuhame.

Sikulala. Nilikwishaanza kuwaza wale popo nitawatoa vipi.

Tatizo la maongezi nililitatua mapema. Mbali na kubeba mizigo, nilimchukua Banta kwa ajili ya mdomo wake. Banta ni mtoto wa mdogo wake mzee, kwangu shemeji, na mdomo wake ukiuacha wazi unaongea wenyewe. Anaweza kupokea neno kwangu na kulifikisha kwa mzee kabla sijalimaliza. Mama mkwe naye akatupa sufuria yake, ile kubwa ya alumini iliyokanyagwa na nyati ikabonyea, ikabaki na shimo shavuni, akamwambia Banta aniambie kwamba isiporudi na mimi nisirudi. Tukafunga gutel za kutosha, zile za unga wa mchele na nazi ndani ya majani, tukaondoka.

Ukingoni mwa msitu mzee akachoma ubani, akasoma dua, akatoa masharti. Kupiga mluzi hakuna. Yule mnyama mwenye mistari na makucha asitajwe. Ikibidi atajwe, aitwe Babu. Na mtu asiulize bado mbali kiasi gani, kwa sababu mlima ukisikia swali hilo unajivuta. Daktari akaitikia kwa adabu zote. Jua halijafika utosini alikuwa ameshauliza mara tatu. Kila akiuliza, mzee anasimama, anakaa juu ya mzizi, anasokota sigara, anaivuta mpaka imuunguze kidole, ili msitu usahau. Siku hiyo tulivuta tumbaku nyingi kuliko tulivyotembea.

Juu zaidi tukaingia kwenye msitu wa Angkasan, ambako kila mti umevaa majani laini ya kijani kama sufu ya kondoo, na chini ya sufu kuna maji, na ndani ya maji kuna ruba. Ruba wa Angkasan ni wakubwa. Mmoja nilimkuta amekaa njiani, nikadhani ni kiatu cha mtu, nikamwokota kwa heshima. Banta alikuwa akitembea huku anamumunya sukari guru, na kambi ile ya Angkasan ndipo jino lake lilipoanza kumwimbia.

Daktari Pulungan akafurahi vibaya sana. Alikuwa amebeba vyombo vyake, kama mwindaji anayekwenda na bunduki hata msibani. Akamlaza Banta juu ya magunia, mimi nikashika kichwa, mzee akashika miguu, sisi wawili tukitazamana na miti ili tusitazamane wenyewe. Jino lilikuwa na mizizi kama tangawizi. Lilipotoka, ndege wote waliolala bonde lile waliruka, na wengine nasikia hawajarudi.

Asubuhi shavu la Banta lilikuwa fenesi. Jicho moja limefungwa, mdomo umekwenda pembeni. Daktari akamkagua, akasema kazi imekwenda vizuri, ila huyu asifungue mdomo mpaka kidonda kifunge.

Nikautazama moto. Mzee naye akautazama moto. Kila mmoja alijua ni nini hasa kilichong'olewa usiku ule.

Kuanzia hapo mdomo wetu ukawa daktari. Mwanzoni hakukataa; watu wa kabila lake, Wamandailing, nao wana haya na wakwe, akasema, ingawa si kiasi hiki. Shida ilikuwa mwendo. Pawang hutangulia, hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nyuma yake, hatua chache tu, naona kisogo chake. Daktari yuko nyuma kabisa na Banta anayeugulia. Basi nikiwa na neno la kumfikia mtu aliye mbele yangu, inabidi nimsubiri mtu aliye nyuma yangu.

Kuna mahali niliona kiota cha nyigu kimening'inia juu ya njia, na mzee anakikaribia akiwa ameinamisha kichwa. Nikarudi mbio kwa daktari, nikamwambia amwambie mzee ainame zaidi. Daktari akaja akihema, akafuta miwani, akashika kiuno, akaanza na salamu. Kabla hajamaliza kuuliza hali, nyigu walikuwa wameshafika kwenye sikio la mzee. Mzee hakupiga kelele. Alisimama, akashika sikio lililokuwa linavimba mbele ya macho yetu, akamwambia daktari, "Mwambie kiongozi wako, habari zake zinanifikia zikiwa zimeoza."

Daktari akageuka, akaniambia. Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono.

Kilichomshinda daktari ni mto. Tulishuka Angkasan upande wa pili mpaka mto Alas, ambao huko bado mchanga lakini una nguvu za ujana. Mimi nilijua juu kidogo kuna gogo lililolala, watu wa misitu walivukia hapo. Mzee akasema chini kidogo kuna mawe, yeye kavuka hapo kila mara. Nikamwambia daktari amwambie mzee mawe hayo yalizolewa na mafuriko. Mzee akamwambia daktari amwambie kiongozi wake kwamba mawe hayatembei. Nikamwambia daktari amwambie mzee kwamba haya yalitembea. Daktari alikuwa anageuza shingo huku na huku kama anayetazama mchezo wa badminton, mpaka akaketi chini, akavua kofia.

"Mimi nimelipia kupanda mlima," akasema. "Sikulipia kuwa posta. Kuanzia sasa mtu akiwa na barua aipeleke mwenyewe."

Tukavuka pale kwa mzee. Mawe hayakuwepo. Maji yalitufika kifuani, nusu ya mchele ikalowa, na kofia ya daktari nadhani hivi sasa iko Kutacane, mji ulio chini ya mto, kichwani kwa mtu mwingine. Mzee alitoka ng'ambo akikamua kikoi chake, kama mtu aliyekuwa na nia ya kuoga tangu mwanzo.

Jioni hiyo ndipo nilipoanza kuongea na sufuria.

Niliibeba mimi, juu kabisa ya kikapu cha mgongoni, na wakati wa kupika ilikaa katikati yetu sote. Ilikuwa na masikio mawili na shimo lile shavuni, ukiitazama vizuri unaweza kudhani inakusikiliza. Tulikuwa tumeshatoka msituni, tuko kwenye nyasi za juu, upepo unapita kama umetumwa. Nikakoroga wali, nikasema kwa sauti ya kutosha, "Sufuria, kesho tutafika penye mwamba uliopasuka. Hapo njia ya Leuser ni kushoto."

Mzee akasogeza kuni. "Sufuria," akasema, "mwambie aliyekubeba kwamba mimi nilifika kwenye mwamba huo yeye bado anachezea matope uchi."

"Sufuria, kulia ni genge tupu. Nililiona kwa macho yangu."

"Sufuria, macho si yake peke yake."

Nikarudi kwenye wali wangu, maana hapo ndipo penye kidonda. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyelisema nyumbani, lakini mimi nilikuwa naona: kikombe cha kahawa anakitafuta kwa vidole kwanza, na uzi wa sindano anampa mjukuu wake Seruni, anasema ni kumfundisha kushona. Sasa neno kama hilo unalipitisha kwa nani? Hata sufuria ina haya yake.

"Sufuria, kushoto," nikasema tena.

"Sufuria leo imeongea sana," akasema mzee. "Ipakuliwe."

Daktari alikula akitutazama mmoja mmoja. Banta alikuwa anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, na lile jicho lake lililo wazi lilikuwa linacheka peke yake.

Asubuhi tukaamka ndani ya ukungu. Nimeona ukungu mwingi, lakini ule ulikuwa wa kukata kwa panga. Kweli nilikata kipande, nikakiweka kando nipate kufunga kamba ya kiatu. Mtu akinyoosha mkono, vidole vinapotea. Kwangu ilikuwa balaa, kwa mzee ilikuwa sikukuu: siku hiyo sote tulikuwa hatuoni, na yeye ndiye mwenye uzoefu. Alitembea kama kijana. Daktari na Banta wakaachwa nyuma, nikawa nasikia tu kikohozi cha daktari na mguno wa Banta, kisha hata sauti hizo sizisikii.

Mwamba uliopasuka ukatokea, mweusi, umelowa. Mzee akaugusa kwa kiganja, akaupapasa kama shingo ya nyati, akazunguka kulia.

"Sufuria," nikasema, "ni kushoto."

Hakupunguza mwendo. Nikachomoa kijiko, nikaigonga sufuria juu ya kichwa changu. Ng'ang'ang'a. "Sufuria, kushoto."

"Sufuria, nyamaza. Utamwamsha Babu."

Nikaigonga zaidi. Nikamwita daktari, ukungu ukameza. Nikamwita Banta, ambaye hata angefika angesaidia nini. Mzee anazidi kwenda, kikoi chake kimezungushwa shingoni, sikio lile la nyigu bado nene, na mimi nyuma yake nagonga sufuria kama mtu anayetembeza ugonjwa kijijini. Nikasema, sufuria, nyumba yangu ina paa la bati. Sufuria, nyumba yangu ina popo. Sufuria, mwaka wa ngapi huu nalala na kikohozi cha mtu. Sufuria, bahari iko kushoto, na mtu anayeitaka bahari kuliko sisi sote ndiye anayeikimbia. Nilisema na mengine ambayo mkwe hatakiwi kuyasema hata kwa sufuria. Mzee akaongeza mwendo.

Halafu upepo ukavuta ukungu pembeni mara moja, kama mtu anayechungulia pazia. Nikaona nyasi zinaishia. Baada ya nyasi hapakuwa na kitu, weupe tu, na chini ya weupe, mbali sana, ncha za miti. Mzee alikuwa amefika mwisho wa nyasi na ameinua mguu.

"Baba, simama."

Si kwa sufuria. Kwake. Na mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika kikoi chake shingoni, nikamvuta kama mtu anavyovuta mbuzi.

Alibaki na mguu mmoja juu kama korongo wa mpungani. Jiwe lililokuwa chini ya kidole chake likatoka, likaenda. Tukasubiri lifike. Nadhani bado linakwenda. Sufuria nayo ilianguka kutoka kikapuni, ikabingirika ikizunguka, ikasimama penye ukingo, shimo lake limetutazama.

Tulirudi nyuma kidogo kwa makalio, tukaketi, kila mmoja akatazama upande wake. Nilimsikia anapumua. Kisha akavuta kikoi, akajifunika kichwa chote, akakaa hivyo kama mwali. Mimi sikuwa na kikoi. Ningekuwa nacho ningejifunika pia. Miaka yote ile sijamtupia hata salamu, na neno langu la kwanza kwake nimelitoa kama amri ya askari, na juu ya hayo nimemshika shingo. Nilikuwa sijui lipi baya zaidi. Nilijua tu kwamba mtu aliyefanya hivyo hana uso wa kuomba nyumba.

Tulikuwa hivyo daktari na Banta walipotokea. Daktari akatazama mbele, akaona ardhi imekwisha, anga tupu, upepo unapiga. Akamtazama mzee aliyejifunika, akadhani anasali. Akateremsha sauti.

"Ndiyo hapa?" akauliza.

Halafu ndani ya kikoi ikatoka sauti.

"Hapa."

Daktari akalia. Mtu mzima, fundi wa kung'oa meno ya watu, akalia machozi, akamkumbatia Banta kwa nguvu mpaka fenesi likabanwa na Banta akatoa sauti ambayo sitaieleza. Akatoa bendera ndogo, akatoa kamera, akajipiga picha na ukungu wa mbele, kisha ukungu wa nyuma. Mimi nimesimama mdomo wazi. Leuser ilikuwa nyuma yetu, upande wa kushoto, mwendo wa nusu siku, imekaa zake na bahari yake.

Nikaiokota sufuria. "Sufuria," nikaiambia polepole, "hapa si kileleni."

Kikoi kikageukia upande mwingine.

"Kaka, unaongea na nani?" daktari akaniuliza, uso umelowa, anang'aa kama bwana harusi.

Ningeweza kumwambia. Yeye si mkwe wangu, mdomo ni wangu, na kazi ya kiongozi ni kusema kweli juu ya mlima. Lakini ningesemaje? Ningeanza na mwamba, ningefika kwenye ukingo, na kwenye ukingo kuna mguu wa mzee hewani na neno langu. Na mzee angekuwa muongo mbele ya mgeni, kisha kipofu mbele ya mgeni, yote kwa siku moja, kwa mdomo wa mtu aliyeolewa nyumbani kwake. Nikamwambia daktari nilikuwa nashukuru Mungu.

Akaniomba nimpige picha nyingine.

Nikakaa nikifikiri kwamba ukungu ukiondoka bado muda upo, tunaweza kurudi mpaka kwenye mwamba, tukaenda kushoto, tukafika. Ukungu ukaondoka kweli, adhuhuri, na Leuser ikatoka yote, safi, mtu angeweza kuhesabu mawe yake. Wakati huo tulikuwa tumeshaanza kuteremka, mzee mbele, hageuki. Daktari akauonyesha mlima ule kwa kidole, akasema kile nacho ni kilele kizuri, kinaitwaje. Nikasema hakina jina.

Kurudi hakukuwa na neno hata moja. Sufuria yenyewe mzee hakuisemesha. Akitaka chumvi anaifuata. Mtoni alivuka kwenye gogo langu, wa kwanza, bila kuambiwa na mtu, na mimi hilo lilinikera zaidi kuliko yote. Nilikuwa na haki kwenye mto, nilikuwa na haki kwenye mwamba, na hakuna mahali pa kuipeleka haki hiyo. Nikaibeba mgongoni pamoja na sufuria mpaka kijijini.

Nilimwambia mke wangu tulifika mahali, tukarudi. Alinitazama sana. Kisha akaenda kutandika chumba cha nyuma.

Kesho yake nikapita kahawani. Mzee alikuwa ndani na kijiji chote kimemzunguka. Nikasimama nje, maana mkwe haingii alipo mkwe, nikasikia. Alikuwa amefika Leuser. Bahari ameiona. Kubwa, akasema, kubwa kuliko walivyosimulia wengine, na akakaa kidogo kwenye neno hilo wengine. Aliona meli. Aliona kwenye meli mtu anaanika shati. Shati lilikuwa na kiraka. Mtu mmoja akacheka, akasema, mzee, na macho yako hayo?

"Muulizeni mkwe wangu," mzee akasema. "Alikuwa nyuma yangu. Yupo hapo mlangoni, mwulizeni."

Mkahawa mzima ukanigeukia. Mzee yuko mbele yangu, na mtu hamwumbui mkwe wake mbele ya kijiji. Wakaangua kicheko, maana wote wanaijua mila, nami nikaondoka na masikio ya moto. Mimi, niliyeiona bahari kweli, kuanzia siku hiyo nikawa yule aliyekuwa nyuma.

Shavu la Banta lilipopoa, akaja kunitafuta shambani. Akaniuliza, "Shemeji, kule kwenye ukungu nilisikia mtu anaita Baba. Alikuwa nani?"

"Upepo."

"Upepo wa kwenu una sauti yako," akasema Banta. Nikampa tumbaku ya kutosha kuufunga ule mdomo kwa msimu mzima. Jino lilikuwa limefanya hivyo bure.

Mke wangu alikuja jioni moja nikiwa nanoa panga. Alikuwa amebeba sufuria. Akaiweka chini kati yetu, akakaa.

"Baba kasema tuhame kabla ya Ijumaa," akasema. "Kasema bahari ameiona, na neno lake ni neno."

Nilitaka kufurahi. Furaha ikaja nusu, ikasimama njiani kama pawang wa nusu mlima. Nikamuuliza sufuria ya mama yake inafanya nini hapa.

"Twende nayo. Mama analia tangu mchana, kasema hapiki kwenye nyingine. Lakini baba kakataa kabisa. Kasema hawezi kukaa na sufuria hii nyumba moja. Imesikia mengi."

Tukahama. Popo walichelewa kuelewa. Mpaka leo wako wawili watatu wanaodai kwamba nyumba ni yao. Mzee hakuja mwezi ule wala uliofuata. Alikuja siku ya mavuno, akiongozwa mkono na Seruni, akaketi barazani na mgongo wake kwangu. Mke wangu akamwekea kahawa na kwenda jikoni. Tukabaki sisi, na sufuria inayokaushwa juani.

Akakohoa. Kile kile kikohozi.

"Sufuria," akasema, "mwambie mwenye nyumba paa lake linavuja."

Paa langu lilikuwa jipya. Nililipigilia mwenyewe, msumari kwa msumari. "Sufuria," nikasema, na sikuficha hasira, "upande gani?"

Mzee akakitafuta kikombe kwa vidole, akakipata, akanywa mpaka machicha.

"Kushoto," akasema. "Ilikuwa kushoto."

Alipoondoka nikapanda juu ya paa, nikalikagua lote, upande wa kushoto mara mbili. Halikuvuja popote.